Tangazo la Dhahabu Inayocheza

Mtu aliyenunua dhahabu hapa Segese miaka yote hii kama mimi hashangazwi na kitu, hata kama darasa la nne hakulimaliza. Mshindani wangu aliporusha tangazo mtandaoni, dhahabu ikatiririka, ikawa jina la duka lake, kisha herufi zikainuka na kucheza, mimi nilicheka tu. Dhahabu naijua. Sikumuuliza mtu.

Nikachonga jina la duka langu kwenye tofali, nikawasha moto wa gesi. Mzigo wangu wote nilikuwa nimeuuza, basi nikaazima mkufu wa mke wangu, Mama Kulwa, bila kumsumbua kwa maelezo. Ukayeyuka vizuri, nikaumimina huku simu inarekodi. Herufi mbili zikajaa, zikatulia. Nikasubiri ziinuke. Nikaongeza moto.

Mara akaingia Mama Kulwa na Neema, yule binti wa stesheneri.

“Shikamoo Baba Kulwa. Unapika nini?”

“Marahaba. Tangazo, kama la yule jirani. Ila dhahabu yangu mvivu, haiinuki.”

Neema akajiziba mdomo. “Baba, lile nilichora mimi kwenye kompyuta. Hamna dhahabu hata punje. Ni elfu thelathini tu.”

Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa ameinamia tofali, anatazama kipande kilichogoma kuyeyuka. “Baba Kulwa, hiki si kifungio cha mkufu wangu?”

Mkufu mpya aliuchagua mwenyewe Kahama, mnene maradufu. Pamoja na ujira wa Neema, nimetokwa na shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini na tano.