Nilivyopima Salamu za Rasbura

Kutoka kwetu, mtaa wa Rasbura, hadi bombani kuna njia mbili. Ya mbele inapita kwenye baraza nne, na kila baraza ina watu. Ya nyuma inapita jalalani, halafu kwenye banda la mbuzi wa jirani, halafu unaruka mtaro. Mimi nilikuwa napita ya nyuma. Si kwamba nachukia watu, ni kwamba salamu zinanimaliza. Nikishasema shikamoo na kuitikiwa marahaba, sijui tena mikono niiweke wapi, na hapo ndipo mtu anaanza: bibi hajambo? Mama je? Na miguu ya bibi? Nikijibu, sauti inatoka kama ya kifaranga. Mbuzi hawaulizi chochote.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonitia kwenye utafiti, na utafiti ndio uliotakiwa kuniokoa na nguruwe.

Nguruwe wenyewe ni wa Njinjo. Nilipomaliza kidato cha sita, baba alisema bila kuzunguka: nisipopata chuo kabla mahindi hayajakomaa, nakwenda kwa shangazi Njinjo kulinda shamba. Kulinda maana yake ni kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, na kupiga debe nguruwe pori wakija. Nguruwe nawaogopa kuliko salamu, ingawa kwa tofauti ndogo.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka ya watu binafsi, redio za watu binafsi, mitumba robota kwa robota, na sasa hata vyuo. Chuo kimoja kipya kilitangaza kwamba kitasomesha bure mwanafunzi mmoja kutoka kila mkoa, ilimradi alete vitu viwili: utafiti mdogo alioufanya mwenyewe, na hadithi ya maisha yake. Pale Lindi hakuna aliyeelewa. Sisi tulizoea kujibu maswali, kuyauliza ilikuwa kazi ya walimu.

Kwa bahati dada mmoja wa mtaani, aliyekuwa anasoma chuo kikuu Dar, alikuja likizo, akajitolea kutuelekeza. Tulikuwa wanne. Tulikutana kila alasiri kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu. Ijumaa angepanda basi kurudi Dar na karatasi zetu, kwa hiyo tulikuwa na juma moja tu.

Siku ya kwanza alituambia hadithi ya maisha lazima imguse msomaji. Tukaelewa kwamba lazima mtu afe. Kesho yake wote wanne tulikuwa yatima. Mimi nilimuua bibi kwa nyoka, aya ya pili, Mungu anisamehe, na jioni yake nikala samaki wake wa nazi bila kumtazama usoni.

Lakini bingwa alikuwa mvulana mmoja mrefu aliyekaa nyuma yangu. Yeye alimzamisha baba yake baharini kwa ufundi, hata dada alipokuwa anatusomea kwa sauti ilibidi atoe leso. Tukiwa katikati ya dhoruba, tukasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mwenye pweza mkononi.

"Shikamoo baba," dada akasema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Na mzee? Huko Dar wazima? Masomo? Haya, namshukuru Mungu. Mimi ndiye baba wa yule kijana pale, yule anayeingia chini ya dawati. Nikasema nikuletee kitoweo, maana unahangaika na watoto wetu."

Dada akatazama karatasi, akatazama pweza.

"Pole na dhoruba, baba."

"Dhoruba gani?"

"Basi tu, baba. Ahsante kwa pweza."

Marehemu alipokwisha kuaga, jambo ambalo nalo lilichukua muda, dada akatugeukia. "Kuanzia leo hakuna kuua. Atakayeua mzazi arudi kwao akamzike." Nikamfufua bibi palepale kwa kifutio.

Ukaja utafiti. Mmoja wetu alikuwa ameandika juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alimhoji binamu yake aliyekanyaga. Karatasi yangu dada aliisoma kimya, akageuza, akarudi mwanzo.

"Ukurasa wa kwanza wote unasalimia," akasema. "Umewauliza wakuu wa chuo hali zao, za wake zao, za watoto wao, mpaka za mvua. Utafiti uko wapi?"

"Uko ukurasa wa pili," nikanong'ona. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari mitatu.

"Huyo mdomoni hana salamu hata moja," akasema yule mrefu, aliyekwisha kutoka chini ya dawati. "Zote kaziweka kwenye karatasi."

Wakacheka. Dada hakucheka. Alikuwa anatazama mlango alikotokea yule mzee. "Basi zitafiti hizohizo," akasema. "Salamu za Rasbura zinachukua muda gani, na kwa nini?"

Mjomba anauza mitumba sokoni, na siku hizo alikuwa ameanza kuuza na saa za plastiki, zile zinazoonyesha namba tupu. Akaniazima moja. Ukibonyeza inahesabu, ukibonyeza tena inasimama, na kila ukibonyeza inalia ti! Nikaificha ndani ya khanga, nikakaa barazani pembeni ya bibi na kujifanya nasuka ukili. Nilifurahi mno. Hatimaye nimepata kazi ya kukaa penye salamu bila kusalimiwa.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Ya tatu, saa ililia bibi akiwa amenyamaza.

"Nini hicho kinalia kifuani kwako?"

"Napima salamu, bibi."

"Salamu? Unapima kwa nini, kwa kibaba?"

Nikamweleza yote, ila ile habari ya nyoka niliiruka. Bibi alisikiliza, akavaa ndala, akatoka. Kufika alasiri, Rasbura nzima ilikuwa inajua kwamba salamu zao zinapelekwa chuoni.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, babu wa baraza ya pili, aliyekuwa karani wa bandari kabla hajastaafu, alifika kwetu na kanzu iliyopigwa pasi.

"Nasikia kuna mashindano."

"Si mashindano, babu. Ni utafiti."

"Sawa. Nani anaongoza?"

Nikatazama daftari. Aliyekuwa anaongoza ni mama wa vitumbua, wa baraza ya tatu, kwa dakika nne na sekunde kumi. Babu karani akakohoa, akamgeukia bibi, akanipa ishara nibonyeze. Aliulizia watoto mmojammoja, na wajukuu kwa kufuatana na kuzaliwa kwao. Alipomaliza watu akaingia kwa kuku. Aliulizia goti la kushoto la bibi, na kabla hajajibiwa akaulizia la kulia. Bibi naye si mtu wa kushindwa, kila swali analijibu na kulirudisha: na lako wewe, la kulia? Walikuwa wamefika kwenye mikorosho, mti kwa mti, mama wa vitumbua alipotokea na mwiko mkononi.

"Sikubali! Anasalimia kuku!"

"Kuna kanuni inayokataza?" akauliza babu karani.

Wote watatu wakanitazama. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuombwa hukumu.

"Kanuni... haipo," nikasema.

"Haya, basi na mimi naanza upya," mama wa vitumbua akasema, akaketi. Kule kwake moshi ulikuwa umeanza kupanda, lakini alikuwa amefika kwa shemeji zake bibi walioko Nachingwea na hakutaka kukatizwa. Siku ile Rasbura ilikula vitumbua vyeusi.

Nilipompelekea dada daftari, alishika kichwa. "Umewaharibu watu. Mtafiti hatakiwi kuonekana!"

Nilitaka kulia. Miaka yote nilikuwa sionekani, tena bila kujitahidi. Siku moja tu niliyohitaji kutoonekana, nimeonekana mpaka baraza ya tatu. Nikaanza kusikia debe la Njinjo masikioni.

"Andika kama ilivyotokea," dada akasema baadaye, sauti imepoa. "Kuharibika kwake nako ni utafiti. Lakini kuna mtu mmoja simwoni humu. Wewe. Salamu zako sekunde ngapi?"

"Mimi sipiti njia ya mbele."

"Ndiyo maana nauliza."

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilibeba ndoo, nikavaa saa, nikabonyeza, ti! Nikatokea mlango wa mbele. Nilikuwa nimepanga majibu yote kichwani: bibi hajambo, mama hajambo, miguu inaendelea vizuri.

"Shikamooni," nikasema baraza ya kwanza.

"Marahaba, pita!"

Baraza ya pili, babu karani alikuwa amesimama kama askari. "Shikamoo babu." "Marahaba, pita!" Akaniashiria kwa mkono, kama anaelekeza gari. Mama wa vitumbua hakuinua hata macho kwenye kikaango. "Marahaba mwanangu, pita pita pita!" Na baraza ya nne walijibu kabla sijafungua mdomo.

Kumbe bibi alikuwa amewazungukia alfajiri: mtoto ana haraka ya chuo, msimcheleweshe.

Nikamaliza baraza zote, nikatazama saa. Sekunde arobaini na mbili. Ilikuwa ndoto yangu tangu utotoni, kupita mbele bila kuulizwa kitu. Badala ya kufurahi nilisimama pale kama mtu aliyefungiwa mlango. Hivi ndivyo tu? Hakuna aliyetaka kujua bibi ameamkaje?

Sijui ni nini kilinigeuza. Nikarudi.

"Mama, jana ulipookoa kikaango, mkono uliungua?"

Mama wa vitumbua akaweka mwiko chini. "Kidogo tu, mwanangu. Hebu ona hapa. Nilipaka asali. Na wewe, kumbe sauti unayo?"

Kwa babu karani niliuliza goti la kulia. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu lina historia ndefu, inaanzia bandarini. Niliposhtuka nimefika nyumbani, saa ilikuwa bado inahesabu, na ndoo ilikuwa tupu. Bombani sikufika.

Niliandika yote: kuku, moshi, sekunde arobaini na mbili, ndoo tupu. Kwenye hadithi ya maisha nilimwandika bibi akiwa mzima kabisa. Ijumaa dada akaondoka na bahasha, akiwa anacheka dirishani mwa basi, sijui anacheka karatasi yangu au ya yule mrefu.

Mahindi yakabeba. Baba akaniuliza kama najua kupiga debe. Ndipo barua ikaja. Niliifungua barazani, na kwa kuwa babu karani na mama wa vitumbua walikuwapo, bibi akasema nisome kwa sauti. Nikasoma:

"Umepewa nafasi. Njoo na godoro, ndoo na vyeti halisi."

Mama wa vitumbua akapiga kigelegele. Bibi hakupiga.

"Soma mwanzo," akasema.

"Ndiyo mwanzo, bibi."

"Hawajaulizia hali?"

"Hawajauliza."

Babu karani akaomba saa, akaitazama kwa huruma. "Sifuri," akasema.

"Maskini," mama wa vitumbua akasema. "Wamelelewa na nani?"

"Lete karatasi," bibi akaamuru. "Hatuwezi kukupeleka kwa watu hatujui wameamkaje."

Nikakaa na kalamu, wao watatu wakinitajia. Tulipoingia ukurasa wa pili tulikuwa kwenye magoti ya mkuu wa chuo, la kushoto, na bado hatujasema kama nakwenda.