Orvil Anajifunza Kuegemea Hewa

Kwa misimu thelathini Orvil Tesch alibeba kiti chake cha chuma hadi msituni, hapa Wisconsin, Marekani, akakifunga juu ya mwaloni na kuketi kungoja kulungu, mgongo ukiwa kwenye shina. Alipofika miaka hamsini na tisa, magoti yakakataa mzigo. Aliniambia, mimi jirani yake, kwamba Oktoba ikiisha bila kupata njia nyepesi, atampa mtu upinde wake na hatapanda mti tena.

Mpwa wake Lorna akamletea tandiko: mkanda mpana wa kitambaa unaobeba makalio, kamba ya kuzungushia shina, vipande vinne vya ngazi na kibao cha kukanyagia. Vyote vilienea katika mkoba mmoja.

"Lorna, si nepi hii?"

"Nepi hiyo ndiyo itakayokushika, Mjomba. Egemea nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Hewa."

"Basi ndiyo maana siegemei."

Walijifunzia kwenye mti ulio nyuma ya nyumba ya Orvil, futi tatu tu kutoka chini. Niliwaona kila jioni kupitia dirisha la jikoni. Mikono yake haikutaka kuachia shina.

"Mjomba, unaukumbatia kana kwamba umekuandikia urithi!"

Tarehe kumi na tisa niliandika daftarini: upepo wa kusini, mawingu mepesi, Orvil kaachia. Nyayo kwenye kibao, kamba imekaza, naye anayumba taratibu pamoja na mti. Alifumba macho.

"Kama kulala chali ziwani," alisema. Lorna akamwacha aelee.

Siku ya mwisho ya Oktoba alikwenda peke yake. Haya alinisimulia mwenyewe. Alipanda akiwa amejifunga kamba tangu chini, akajiweka upande unaotazama njia ya wanyama, kama alivyozoea alipokuwa na kiti. Ukungu ulijaa bondeni, majani yakidondoka mojamoja kando ya uso wake, hata akasahau miguu yake iko wapi. Ndipo dume kubwa la kulungu likatoka ukunguni, likainua kichwa, likamwona ananing'inia waziwazi kama koti ukutani. Likapuliza pumzi kwa pua na kutoweka.

Mwenye tandiko hujificha nyuma ya shina. Mti hukaa kati yake na mnyama. Lorna alikuwa amemwambia mara tatu.

Orvil alicheka kimyakimya hadi kamba ikatikisika. Kisha, kwa hatua ndogondogo, akauzunguka mti, akaegemea, akabaki huko mpaka adhuhuri. Hakuna mnyama mwingine aliyepita, naye hakujali.

Lorna alikuwa akimsubiri uani.

"Mikono mitupu? Pole, Mjomba. Yupo jamaa kazini anayeutaka ule upinde."

"Mwambie anunue wake," Orvil alisema, akautundika kwenye msumari wake wa siku zote. "Kesho naondoka mapema. Safari hii nakaa nyuma ya mti."