Mama Alivyoukalia Ubao

Mie kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu, kwa hiyo mdogo wangu wa kike anaamini chochote chenye ufa ni changu. Akaniletea nyumbani Mbagala ubao wake wa tanga, ule mtu anasimama juu yake majini, ameshika tanga, upepo unamsukuma. Aliachiwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Mlingoti ulikuwa umeuangukia ukapasua pua, ile ncha ya mbele, maji yakaingia ndani. Jumamosi alitakiwa hoteli moja ya Kigamboni kwa majaribio ya kufundisha wageni, na sharti uje na ubao wako. "Kaka, huu usipopona narudi kwenye cherehani," akasema. Cherehani anaichukia kuliko homa.

Ndani ya ubao ni povu jeupe, kama lile la kwenye maboksi ya televisheni. Nikakata palipopasuka, nikauegemeza kivulini uchuruzike. Mgongoni kuna skrubu ndogo. Unailegeza ili hewa ya ndani ipumue. Nikailegeza. Ulipokauka nikaziba pua kwa kitambaa cha faiba na gundi ya kuchanganya. Nikajisifu, nikaenda zangu kazini.

Mama yetu ni mtu wa kusini. Kwake kitu kikiwa kibichi dawa yake ni bati: makopa ya muhogo juu ya bati, mito juu ya bati, hata viatu. Akaugusa ubao, gundi bado inanata, akaupandisha juani, juu ya bati la banda la kuku. Akaona na ile skrubu iko wazi. Makopa ukiyaacha wazi yanaingia wadudu, basi akaikaza kwa sarafu, ikakazika kwelikweli.

Niliporudi alasiri ubao ulikuwa umevimba nyuma kama andazi. Hewa ya ndani ilipata moto, ikakosa pa kutokea, ikabandua ganda. Na hapo ndipo mguu wa nyuma unaposimama. Ilikuwa Alhamisi.

"Mama, umefanya makusudi," mdogo wangu akasema. "Hukutaka niende tangu mwanzo."

Ni kweli mama alikuwa hapendi. Alishasema sana kwamba mtoto wa kike hashindi baharini na kinguo cha kubana. Lakini akajibu, "Ningetaka kuuharibu ningeupasua nikapikia maharage." Hakuna aliyecheka. Toka hapo binti hakumsemesha tena.

Ijumaa nikauchana uvimbe kwa kisu, nikamimina gundi ndani, nikatandika nailoni juu. Sasa kuukandamiza. Nikapanga matofali, yakabana kingo, katikati pakabaki pamenyanyuka. Mama akaja, akayaondoa moja moja. "Tofali gumu," akasema. "Mie laini, nitafuata umbo lake." Akakaa.

Jamani, mama alikaa! Gundi ikaanza kushika na kupata moto chini yake, akasema inachoma, na hakuondoka. Akachambua mchele, akapokea shikamoo za majirani, akabishana na muuza dagaa, bila kunyanyuka. Magoti yenyewe yale mabovu, nilimwona anayasugua. Nikamwambia, mama, inatosha. "Imeshika?" Bado. "Basi niache."

Mdogo wangu akapita na ndoo, akaniambia mie, "Mwambie asitikisike." Mama yuko hapo hapo, anasikia. Aisee, nilitamani kumzaba yule binti kofi.

Mama hakutikisika. Aliponyanyuka ganda lilikuwa gumu, ila limebonyea kidogo, kama kochi lililokaliwa miaka.

Jumamosi mama hakualikwa. Alivaa tu baibui lake akatangulia mlangoni. Kule Kigamboni mkuu wa hoteli akapapasa pale palipobonyea, akatikisa kichwa, akasema ubao huu utabanduka katikati ya maji, bora arudi siku akipata mwingine.

"Huu huu," mdogo wangu akasema.

Akauingiza majini, akaanguka mara ya kwanza. Mama akanikamata mkono kwa kucha. Binti akapanda tena, mguu wa nyuma ukaingia kwenye kile kibonyeo, tanga likajaa, akaenda mpaka akawa mdogo kabisa, akageuza, akarudi. "Jumatatu uje," mkuu akamwambia. Mie nilikuwa nimeshalia, na wala sijui nilianza saa ngapi.

Mdogo wangu hakushangilia. Akaulaza ubao mchangani, akaufuta maji kwa kanga, akamtazama mama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Mama, umesimama sana. Njoo ukae."

Mama akakaa, pale pale pake.