Mkono wa Kuazima

Mniapie kwanza kuwa hili halitoki hapa. Jirani yangu aliniapisha na mimi, na mnaona wenyewe kiapo changu kilivyodumu.

Hapa Matrah, Omani, tuna daktari wa kike, mtu wa kwetu Unguja. Anawatafuta wanawake wote waliowahi kushikwa na kifafa cha mimba, hata aliyezaa zamani, awapime presha ajue maradhi yale yamewaachia nini. Sisi tukidhani arubaini ikisha, mzazi akakoga, basi yamekwisha. Yeye husema, "Mtoto hutoka, mama zangu. Mishipa haisahau." Huyo nnamwombea dua kila nikisali.

Jirani yangu naye kilimshika kwenye uzazi wake. Sasa kichwa kinamgonga na macho yanamfanya kiza, lakini anaogopa kukatazwa papa wa chumvi. Juzi akamtuma mdogo wake, barakoa usoni, akapimwe kwa jina lake. Mwenyewe akaja kukaa nyuma yetu sisi tuliokuwa tukingoja zamu, kajifunika gubigubi, aone.

Daktari akapima, presha nzuri. Lakini ule mkono hakuuwachia.

"Huu si wake," akasema. "Wake niliukamata siku ile ya kifafa, akitetemeka, nikidhani ananifia. Yuko wapi dada'ko? Mwambie nnamtaka hai."

Mtoto wa watu macho yakamponyoka kuelekea nyuma. Sote tukageuka. Dada mtu kaipandisha barakoa juu ya pua, kipande cha papa mkononi, na kingine mdomoni, hatafuni wala hatemi.