Jembe Wanalolitafuta Mtoni Nililiuza Mimi

Admini, nifiche vizuri, maana dada yangu yumo humu na hajawahi kupita post bila kukomenti.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita. Nimezaliwa Koboko, sasa nakaa Arua na natengeneza redio na simu. Kwa sababu ya kazi hiyo, familia nzima inaamini kitu chochote chenye betri mimi nakijua. Ndiyo maana wamenituma nichague mashine ya kutafuta vyuma ardhini, na leo ni siku ya nne sijachagua.

Babu yetu alikuwa askari. Alipopewa kiwanja chake Koboko alifanya kama wazee wa kwetu walivyofanya: alizika jembe kila kona, mashahidi wakiona, ili mpaka usije ukabishaniwa. Kona mbili za juu hazina ugomvi, majembe yake yameshachimbuliwa mbele ya wazee. Moja ya chini iko kando ya barabara, kwenye changarawe nyekundu ya murramu iliyojaa vizibo vya soda. Ya mwisho iko kwenye kijito, na kijito kimehama, kwa hiyo sasa iko ndani ya maji ya kiunoni. Baba yetu mdogo anasema kiwanja chetu hakifiki huko, kwamba kipande cha chini ni chake, na tayari amekipatia mnunuzi. Kwenye kipande hicho ndipo tulipomzika mama.

Wazee walikaa wakatupa mpaka Jumamosi. Baba mdogo akasema mbele ya watu wote, "Mukipata kitu ya mzee ndani ya hiyo maji, mimi natoka. Mukikosa, nyinyi nanyamaza." Alikuwa anatabasamu, na alikuwa ananitazama mimi.

Mfanyabiashara mmoja hapa Arua ana mashine tatu. Ya watafuta dhahabu ni kali, lakini ni ile sahani ya chini tu inayovumilia maji. Boksi lake likilowa imekwisha, hiyo nikaiacha. Zimebaki mbili, zote unaweza kuzizamisha. Ya kwanza ni nyepesi na rahisi, kitu kikubwa kama jembe inakiona bila shida. Tatizo lake ni udongo mwekundu. Udongo wetu wenyewe una chuma, basi mashine inapiga kelele kila hatua na huwezi kuirekebisha, kitu kidogo kinapotea humo humo. Ya pili unaipima kwanza na udongo wa mahali hapo mpaka inatulia, na kwenye kioo inakuonyesha kama ni chuma au shaba. Nilizijaribu zote. Nilifukia kifungo cha shaba cha koti kwenye murramu, nikamwagia maji. Ya kwanza ililia kila mahali. Ya pili ililia mara moja tu, juu ya kifungo.

Lakini ya pili ni ghali. Tukichukua ya kwanza, pesa tuliyochanga inatosha. Tukichukua ya pili, dada yangu lazima auze cherehani yake, na watoto wake wanakula kwa hiyo cherehani.

Kaka yangu amenipigia leo asubuhi. "Wewe nangoja nini? Jembe iko kitu kubwa. Hata ile mashine ya kwanza nalipata."

Nikamwambia ya pili ni bora zaidi.

"Bora ya nini? Sisi natafuta jembe, hapana sindano. Unataka dada naketi bila kazi juu ya kitu gani?"

Nikasema mtandao ni mbovu, nikakata simu.

Sasa nasema hapa ambacho sijamwambia mtu. Jembe la kule kijitoni halipo. Nililichimba mimi nikiwa na miaka kumi na tano, wakati lori la vyuma chakavu lilikuwa linapita Koboko na kila kijana alikuwa anaokota bati na misumari. Nilijua kabisa ni la babu. Nikajiambia kona ziko nne, moja ikikosa jembe hakuna atakayejua. Nikaliuza, nikanunua viatu vya mpira. Mama aliponiuliza nimevipata wapi, nikasema rafiki amenipa. Aliniamini. Aliviosha kwa mkono wake akavianika juu ya paa visiibiwe. Mama huyo ndiye anayelala pale leo.

Kinachonipa tumaini ni kimoja tu. Shangazi yangu, ambaye ni shahidi pekee aliyebaki, anasema kwenye kona ya kijito babu aliweka na kifungo cha shaba cha koti lake la jeshi, chini ya jembe. Mimi nilichimba haraka, sikufika huko chini. Kifungo hicho nadhani bado kipo, na ni mashine ya pili tu itakayokipata. Hakuna atakayeelewa kwa nini naing'ang'ania mpaka niseme nilichofanya.

Mtaniambia niseme jembe limeliwa na kutu. Majembe ya juu yalitoka mazima, shangazi si mjinga. Na lile tabasamu la baba mdogo silisahau. Nadhani anajua nilichofanya.

Mfanyabiashara anataka jibu kesho, na kilichouzwa hakirudishwi. Saa hii dada amenipigia. Hakuuliza chochote. Alisema, "Chukua ile wewe naona iko mzuri. Cherehani nishaifunga na shuka, wewe natuma tu mutu kuchukua. Mimi naamini wewe." Alisema kama mama alivyokuwa akisema, na mimi nimekaa dukani nimefunga mlango nalia mtu mzima.

Nikinyamaza nachukua ya bei nafuu, na Jumamosi kaburi la mama linauzwa. Nikichukua ya pili bila kusema, dada anapoteza kazi yake kwa ajili ya viatu vyangu bila kujua. Nikisema, sijui kama nitabaki na ndugu. Nishaurini jamani, na kabla ya mashine niambieni: huyu dada nimpigie nimwambie nini?