Biskuti za Mama Mswidi

Juzi, kwenye duka la vitu vikuukuu huku ughaibuni Carrollton, niliona kiberiti kimeandikwa tändsticksask, yaani kibweta cha njiti kwa Kiswidi. Nikanusa tena mchana mmoja wa utotoni kule misheni: mafuta ya taa, vumbi na biskuti za siagi.

Mama Mswidi, mmishenari wetu, aliahidi biskuti kwa atakayelisoma vizuri neno hilo mbele ya wageni wake. Mimi nilidhani kila neno duniani hukatwa kama ba, be, bi. Nikajaribu kwa makofi: "Ta-ndi-si-ti-ki-sa-si-ki!"

"Wee Neema, unasoma au unatwanga?" Kaka Eliya, mtoto wa mjomba, alicheka hadi akakaa chini.

Baadaye mpishi wa misheni alininong'oneza kwamba ni maneno matatu yaliyounganishwa, tänd, sticks, ask, nikate hapo tu. Nikaificha siri. Eliya alipobembeleza, "Mdogo wangu, nifundishe basi," nikamjibu, "Piga makofi kila silabi. Wageni wanapenda."

Akasimama, akapiga. Nikasubiri aaibike. Wageni wakainuka, wakapiga naye makofi wakicheka kwa furaha. Mimi nililitamka sawasawa, wakaitikia kwa kichwa tu.

Biskuti walimpa yeye, kopo zima. Hadi leo Eliya akinipigia simu kutoka mji wa DeSoto, mimi huiacha iite mpaka ikatike.