Halua ya Refa

Juzi nilimwona refa kwenye televisheni akitolewa uwanjani katikati ya askari, nikamkumbuka baba.

Tulikaa Kisauni, na kila Jumamosi baba alichezesha mpira. Siku hiyo timu ya kwetu ilikuwa icheze na ya Magongo. Baada ya adhuhuri nahodha wa Magongo alikuja nyumbani na kifurushi kilichonukia iliki na samli. Ilikuwa halua, wallahi. Waliponong'ona ukumbini, nilikimbilia kwa jirani yetu, Bi Rukia, nikamwambia yote.

Alasiri baba aliwapa Magongo penalti, tukafungwa. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Kala halua! Kala halua!" Kisha mawe yakaanza kurushwa. Nami nilimtazama kwa jicho lile lile la watu.

Alirudi shati limechanika, shavu limevimba. Alipokuwa akioga niliisaka halua kabatini, jikoni, hata uvunguni mwa kitanda, na huko ndiko alikonikuta.

"Watafuta nini, mwanangu?"

"Halua ya yule mgeni, baba."

"Ulimwona akiingia nayo. Akitoka nayo hukumwona?"

"Sikumwona. Nilikuwa kwa Bi Rukia."

Akanitazama, akaelewa. Hakunipiga wala hakunikaripia.

Jumamosi iliyofuata alishinda barazani, kelele za mpira zikitufikia, na hakuchezesha tena maisha yake. Watu walimuuliza mara nyingi ni nani aliyemzulia. Alijibu kwamba hamjui, nami nilikuwa nimeketi ubavuni pake.